Salamu Kutoka Ghorofa ya Nne

Aliniambia anaondoka wakati nampimia mtu lastiki. Hakuniita pembeni wala hakusema tukae chini. Alikuwa anapanga makopo ya vifungo, akasema tu kwamba mwanawe anataka afunge biashara akaishi naye Kanada, na yeye ameshamjibu kwamba Diwali ikipita atakwenda. Nilipoteza hesabu ya mita, nikaanza upya, nikapoteza tena. Mteja akaniuliza kama naumwa.

Huyu ni mama wa Kihindu, amenizidi miaka kumi na kidogo, kazaliwa Upanga na mpaka leo anaishi Upanga, kwenye fleti aliyoingia alipoolewa. Mimi ni mtu wa Kilimanjaro. Nilikuja mjini kusalimia ndugu, nikabaki kwa ajili ya biashara. Kwa miaka ishirini na mbili maduka yetu yalikuwa ubavu kwa ubavu kwenye nyumba moja ya zamani Kariakoo. Yeye aliuza vifungo, lesi na riboni, mimi zipu, lastiki na nyuzi. Fundi cherehani akitoka kwake anaingia kwangu, akitoka kwangu anarudi kwake kuchukua alichosahau. Mumewe alipofariki nilikaa naye siku zote za msiba. Nilipojifungua mtoto wa mwisho, yeye ndiye aliyeniuzia dukani mwezi mzima. Namwita dada, naye ananiita mdogo wangu, na hakuna kati yetu anayesema hivyo kwa adabu tu.

Nyumba ile ilibomolewa ili lijengwe jengo refu. Tukatafuta, tukazunguka, mwisho tukachukua fremu moja ya pamoja, chumba kimoja cha duka, kwenye ghorofa ya nne ya jengo jipya mtaa wa nyuma. Lifti ipo, ila inafanya kazi siku inapojisikia. Chini kuna kelele za wauza soksi na wabeba mizigo, na kule juu tulikaa tukisikilizana kupumua.

Tatizo lilikuwa wateja wetu. Wengi ni mafundi na wenye vibanda vya mikoani. Wanashuka kwenye basi alfajiri na wanaijua Kariakoo kwa miguu, wanahesabu kona na milango, hawasomi vibao. Walifika penye mlango wao wa siku zote wakakuta mabati na shimo. Waliouliza walijibiwa na majirani zetu wa zamani kwamba wale kina mama walishafunga, ingia tu hapa, vitu ni vilevile. Mimi nina hasira za karibu, sitalificha hilo. Siku niliyosikia maneno hayo nilishuka ngazi zote mbio kwenda kumtafuta aliyesema, nikafika chini sina hata pumzi ya kumtukana.

Kwa hiyo dada aliposema anaondoka, sikumlaumu. Ila nilijua pia kwamba Kanada haikuwa hamu yake. Kilichomtoa ni ule ukimya. Mtu aliyezoea kuuza huku anapiga soga na watu sita kwa pamoja, sasa alikuwa anafuta vumbi kwenye makopo yasiyo na vumbi. Nikamwambia tufungue akaunti kwenye mtandao wa picha, wateja watuone huko.

"Sisi?" akasema. "Kwa macho haya?"

Kusema kweli hata mimi nilikuwa nashangaa kinywa changu. Kwenye ghorofa ya pili wapo wasichana wanaouza mikoba kwa simu. Wanaongea na simu kutwa nzima, wanajizungusha mbele yake, na mizigo inatoka kwa bodaboda. Nilikuwa nawasema sana. Nilikuwa nasema biashara gani hiyo ya kuchekea kioo.

Dada alifikiri, kisha akaweka masharti. "Tutajaribu mpaka Diwali. Ikifika Diwali ngazi ziko kimya hivihivi, mdogo wangu, uniache niende kwa amani." Nikakubali. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Tulianza Jumatatu saa nane mchana. Tuliketi kwenye vigoda viwili nyuma ya kaunta, simu katikati yetu juu ya jora la lesi. Tulitumia ya kwake kwa sababu ilikuwa mpya, mwanawe alimletea, na yangu kioo kilikuwa kimepasuka. Nimezaa watoto wanne na nimebishana na maafisa wa kodi bila kutetemeka, lakini kile kidude cha kubonyeza kilichoandikwa "Endelea" kilinitoa jasho la mikono.

Swali la kwanza lilikuwa jina. Tukabishana, tukaandika Vifungo Ghorofa ya Nne, kwa kuwa nilitaka hata mvivu wa kusoma ajue pa kupanda. Swali la pili lilikuwa tarehe ya kuzaliwa, na hapo dada akafunika kioo kwa kiganja.

"Ya nini hiyo? Wanataka kuniposa?"

"Andika tu, dada. Hawaitangazi."

"Nani kakwambia?"

Hakuna aliyeniambia, nilikuwa nabahatisha kwa sauti ya mtu anayejua. Akaandika siku na mwezi wa kweli, mwaka akajipunguzia kumi na tano. Kwa hiyo kule mtandaoni mimi ndiye mkubwa wake, na mpaka leo hajaniamkia. Neno la siri tulilitafuta nusu saa. Alitaka kuweka jina la mwanawe, nikamwambia hilo Upanga nzima wanalijua. Tulilochagua silitaji hapa, maana bado tunalitumia.

Kisha simu ikaomba ruhusa ya kuona namba zake zote. Dada akasimama kabisa. Kariakoo namba za wateja ndiyo duka lenyewe. Mtu atakuonyesha mzigo, atakuonyesha hata stoo, lakini namba ya mteja wake hakuonyeshi hata kama mmenyonya ziwa moja. Alikuwa amezikusanya tangu enzi za daftari, akazihamisha kwenye simu moja baada ya nyingine kwa mkono wake. Akaizima simu, akaitia kwenye pochi, akasema anakwenda kulala nalo hilo swali.

Asubuhi yake aliingia dukani, akavua viatu kama kawaida yake, akatoa simu na kubonyeza "Ruhusu" huku amefumba macho. Hakunishauri. Tukainama wote juu ya kioo, na taratibu nyuso zikaanza kutokea. Yule fundi wa Tabora anayeshona magauni ya harusi, sasa ana miwani. Mama wa Singida mwenye kibanda cha sare za shule. Kijana wa Iringa ambaye zamani alikuwa anakuja na mama yake, leo ana ndevu na cherehani tatu nyuma yake kwenye picha. Tulikuwa tunawatambua kwa kupigana mabega, huyu hapa, na huyu, angalia huyu amenenepa. Sikumbuki lini tulicheka vile kwenye ghorofa ile. Nilikuwa nimeamini kwamba wateja wetu wamepotea, kumbe walikuwa wamejaa kwenye pochi la dada.

Ikabaki picha ya kwanza, na hapo tukajikuta wenyewe ndio kikwazo. Kwenye duka la zamani tulikuwa na kibao kilichoandikwa marufuku kupiga picha. Sisi wauzaji wa jumla ndivyo tunavyoishi. Ukipata lesi nzuri unaificha chini ya kaunta, unamtolea mteja unayemwamini, kipande kimoja tu, maana jirani akiiona leo, wiki mbili baadaye anayo na anauza kwa bei ya kuchinjana. Nimewahi kumpokonya mtu simu kwa kupiga picha zipu. Sasa leo tupige wenyewe na kuwatandazia watu wote?

Picha yetu ya kwanza ilikuwa boksi. Boksi lililofungwa, na kamba yake. Dada aliona hiyo inatosha, mteja mwenye akili atajua ndani kuna kitu. Tuliliangalia lile boksi mtandaoni kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, na hakuna aliyeligusa. Nikashikwa na hasira, nikavuta kopo la vifungo vya dhahabu, vile vinavyopendwa kwa makoti ya maharusi, nikavimwaga juu ya kitambaa cheusi karibu na dirisha.

"Wataviiga," dada akasema.

"Waige. Wakiiga tutakuwa tumeshauza."

Nilipiga picha mwenyewe, nikaiweka mtandaoni. Baada ya muda mfupi ukatokea moyo mwekundu. Mtu fulani, hatumjui, alikuwa amevipenda vifungo vyetu. Tulishikana mikono tukaruka, wanawake wawili wazima, mmoja peku na mwingine na goti bovu. Yule wa fremu ya jirani akachungulia kuona nani kafiwa.

Wiki ile tulipiga kila kitu. Riboni, lesi, zipu za rangi ambazo hata mimi nilisahau ninazo. Mioyo ikaongezeka, ila ngazi zilibaki vilevile. Wapita njia walipenda wakaenda zao. Nikasema sasa tuwafuate wateja wetu mmoja mmoja kwenye meseji, tuwaambie tulipo. Dada akaniangalia kama nimevunja kikombe.

"Utamwandikia mtu aliyepotezana nawe miezi yote hiyo, uanze na vifungo? Hata hujamuuliza watoto?"

Alikuwa sahihi. Hata dukani, fundi akiingia na haraka ya basi, kwanza atasalimiwa, atapewa pole ya safari, ataulizwa za nyumbani, ndipo atoe sampuli yake. Tukatunga salamu. Habari za siku nyingi. Habari za nyumbani na watoto. Poleni na kazi. Ni sisi kina mama wa vifungo na zipu, tuko wazima, tulihamishwa, sasa tupo ghorofa ya nne mtaa wa nyuma. Mwambie na fundi mwenzio tunamsalimia sana. Tukapanga kesho yake tuanze kuituma, yeye asome majina, mimi niandike.

Usiku ule ilinyesha. Mimi nakaa ng'ambo ya Jangwani, na mvua ikizidi maji yanakaa barabarani pale bondeni, njia inafungwa. Nilisimama na abiria wenzangu tukiangalia maji mpaka karibu saa sita mchana. Simu yangu ilikuwa na chaji kidogo, sikumpigia. Nilipofika dukani, viatu mkononi, nilimkuta dada amekaa wima anang'aa. Alikuwa amegundua namna ya kunakili maneno na kuyabandika, na hakuningoja. Alikuwa amewasalimia wote. Mikoa yote, kila uso uliokuwa kwenye simu yake, kuanzia alipofungua duka mpaka nilipoingia mimi. Salamu ileile, neno kwa neno.

"Sijamruka hata mmoja," akasema. "Isije mtu akasikia mwenzake kasalimiwa yeye kaachwa."

Nikachukua simu nione. Kioo kilikuwa cheupe. Katikati kulikuwa na maandishi kwamba akaunti imefungwa kwa muda kwa sababu ya mwenendo usio wa kawaida, na kwamba tunatakiwa tuthibitishe kuwa sisi ni binadamu. Nilisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, kwa kuwa nilidhani sijaelewa.

Dada akacheka kidogo, si kile kicheko chake. "Basi imetosha, mdogo wangu. Nimesalimia watu, nikaambiwa si mtu. Hata hiyo simu inaona wakati wangu umekwisha." Akaanza kukunja lesi. Alizikunja vizuri, moja juu ya nyingine, kama mtu anayefunga mzigo wa safari, na mimi nikaogopa kuliko siku aliyonitajia Kanada.

Nikasoma maelezo yote mpaka chini. Walitaka video ya uso wake, ageuke kulia, ageuke kushoto. Nikamwambia ainuke. Akakataa. Nikamwambia kwa ukali, na sijawahi kumpandishia sauti miaka yote ile, kwamba Diwali bado, alisema Diwali, na mimi siachi wiki tatu zangu kwa sababu ya mashine isiyo na adabu ya kusalimiwa. Akainuka.

Ndani ya fremu mwanga haukutosha, simu ilikataa mara tatu. Tukatoka kwenye ngazi, pale penye dirisha kubwa. Wabeba mizigo walikuwa wanapanda na marobota kichwani, wakasimama. Dada akaweka sawa mtandio wake, akatazama simu kwa dharau zote za Upanga.

"Kulia, dada. Sasa kushoto. Polepole."

"Bibi anapigwa pasipoti?" mbeba mizigo mmoja akauliza.

"Nathibitisha kwamba mimi ni mtu," dada akamjibu bila kugeuza macho.

"Shikamoo," yule akasema haraka.

"Marahaba. Umeona? Huyu hakuhitaji video."

Simu ikasema imepokea, tusubiri jibu. Tulisubiri siku ile, na iliyofuata, na iliyofuata tena. Nilikuwa nanunua bando dogo dogo ili niangalie kwenye simu yangu kama akaunti yetu imerudi, hata kanisani Jumapili niliangalia, Mungu anisamehe. Dada hakuangalia. Aliandika orodha ya vitu vya kugawa, na kwenye orodha ile mimi nilikuwa nimeandikiwa kabati lake la makopo. Niliikuta juu ya kaunta. Niliirudisha ilipokuwa, nikaenda msalani, nikalia.

Jumatatu nilifika mapema. Nilikuwa nafagia, dada anavua viatu, na simu ndani ya pochi lake ikalia. Ikalia tena. Ikaendelea kulia mfululizo, mpaka pochi lenyewe likawa linatetemeka juu ya kiti. Akaitoa akaniachia mimi, hakutaka kuishika. Akaunti ilikuwa wazi. Na watu walikuwa wamejibu.

Nani atasalimiwa anyamaze? Kumbe siku zote zile sisi tumefungiwa nje, wao walikuwa wanajibu. Hawakujibu habari za vifungo, walijibu salamu, kila mmoja kwa urefu wake. Nilisimama na fagio kwapani nikasoma kwa sauti. Fundi wa Tabora alisema nyumbani wazima, mtoto wa pili amemaliza chuo, na akauliza ghorofa ya nne kuna lifti, maana ana presha. Mama wa Singida aliandika shikamoo mama yangu, nilikwenda pale nikakuta shimo, nikalia, niliambiwa mmefunga. Kijana wa Iringa alisema mama yake alishafariki, lakini siku zake za mwisho alikuwa anasema vifungo vya kule kwa yule mama wa Kihindi havikatiki uzi. Hapo dada akaninyang'anya simu asome mwenyewe. Akavaa miwani. Akasoma yote akiwa amesimama peku katikati ya duka, anajibu mmoja mmoja, na safari hii hakunakili chochote. Kwa kila jibu alitunga upya.

Wa kwanza kupanda alifika Alhamisi, akitweta, ameshika simu mbele yake yenye picha ya vifungo vya dhahabu. Nilitaka kumkumbatia, nikajizuia, nikampa kigoda na maji. Wiki iliyofuata walikuwa wanapishana kwenye ngazi. Wengine hawakuja, waliagiza, tukawa tunafunga vifurushi na kuvipeleka kwenye mabasi. Nilishuka ghorofa ya pili kuwauliza wale wasichana wa mikoba wanafungaje mizigo isilowe, na niliwaomba radhi kwa niliyowahi kuyasema. Walisema hawakuwahi kusikia, jambo ambalo si kweli, sauti yangu inajulikana.

Sikumuuliza dada kitu. Niliogopa. Naye hakutaja. Siku ya kuamkia Diwali alileta visahani vya peremende za maziwa kwa ajili ya wateja, duka limejaa, fundi wa Tabora ameketi anapumzisha presha yake, mama wa Singida anataka zipu za kahawia na ana haraka ya basi. Simu ya dada ikaita. Alikuwa mwanawe, kwa video. Akaiegemeza kwenye kopo la vifungo ili mikono yake ibaki huru, anapima lesi huku anaongea. Nilimwona yule mwana kwenye kioo, mtu mzima sasa, kofia ya sufu kichwani, anachungulia zile kelele kutoka kwenye chumba chake kilichotulia.

"Mama, Diwali ndiyo hiyo. Nikate tiketi ya lini?"

Nikaacha kila kitu. Nilishika kisanduku cha zipu nikakitazama, sioni kilichomo. Dada alimaliza kupima. Akakata lesi, akaikunja, akamkabidhi mteja kwa mikono miwili, kisha ndipo akaitazama simu.

"Kata ya kwako, mwanangu. Uje wewe. Mimi nimekaliwa na watu hapa."

Yule mwana akamwangalia mama yake. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake cha Upanga, kwamba atakuja mwezi wa sita. Dada akamwambia sawa, akageukia mteja mwingine. Mimi niliwapa wote mgongo, nikajifanya natafuta zipu za kahawia kwenye rafu ya juu huku machozi yananishuka, na mama wa Singida, pamoja na haraka yake yote ya basi, akaningoja.